Kinu Chini ya Ndoo

Wengi huitaja methali ya mbachao na msala upitao kwa ulimi mwepesi, lakini ukiwauliza mbachao ni nini, hukuna kichwa. Mbachao ni mkeka mkuukuu, uliopauka na kuchanika pembe, ule unaoulalia kila siku bila kuusifu. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, na katika methali hii ni wa mpita njia: umeuona begani mwake, umekupendeza, lakini ataondoka nao. Methali haisemi kwamba msala ni mbaya, wala haimkatazi mtu kuutamani. Inamwonya tu asiutupe mkeka wake shimoni kabla hajajua kama mwenye msala atalala hapa. Watu wa Mwaya walilijua hilo kwa midomo miaka yote. Mwaka huu walilijua kwa matumbo.

Mwaya iko pale ambapo ardhi ya Kyela inalala bapa kama ungo kabla ya kutumbukia Ziwa Nyasa. Ni nchi ya mpunga, migomba na kakao, na ya mito inayoshuka kutoka milimani kwa haraka kama mtu aliyesahau kitu ziwani. Pembezoni mwake kuna mwinuko ambao wakati wa kiangazi hata mwendesha baiskeli hautambui. Juu yake ipo shule ya sekondari, nyumba kumi na mbili, na mashine ya kukoboa mpunga ya Bibie, mama mfanyabiashara ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Kilwa wakiwa na cherehani moja na sahani za kauri.

Mpishi wa shule hiyo alikuwa Felista, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye mabega mapana na kinywa kisichoazima maneno kwa jirani. Alianza kazi shule ikiwa na madarasa mawili na jiko la mafiga matatu. Umeme haukuwa umefika, kwa hiyo alikuja na kinu chake mwenyewe, alichorithi kwa mama yake, Kisa. Kilikuwa gogo gumu, jeusi kwa miaka, limelainika mdomoni kama kikombe cha bati. Marehemu Kisa alimwachia pamoja na sharti moja: kinu kilicholisha watoto hakifanywi kuni.

Kisha umeme ukaja. Bibie akaliuza injini lake la zamani la dizeli kwa wanunuzi wa chuma chakavu, akafunga mota mpya isiyonguruma wala kutoa moshi. Vinu vya mwinuko mzima vikastaafu. Kimoja kikawa kiota cha kuku, kingine kikawa kiti, na vingi vikaishia motoni bila kuliliwa.

Jambo moja halikubadilika. Wazazi waliendelea kuchangia chakula cha wanafunzi kwa mpunga, si kwa mchele. Ndiyo desturi ya huku. Mchele wa Kyela hunukia siku ya kukobolewa. Ukikaa sana hupoteza jina lake na kuwa mchele wa mtu yeyote. Kwa hiyo mpunga ulikaa ghalani na maganda yake, na kila Jumamosi magunia mawili yalisukumwa kwa toroli hadi kwa Bibie. Ghala lilikuwa limejaa hadi kwenye boriti. Hakuna aliyejiuliza ingekuwaje Jumamosi moja ikikosa umeme.

Mkuu wa shule, Mwalimu Nelson, alikuwa kijana wa miaka thelathini na minane, mnyoofu kama rula na mwepesi wa kuona aibu. Alikuwa amemsikia Felista akikohoa moshi mwaka baada ya mwaka, akaapa kwamba jiko lile lazima life. Aliandika barua, akafunga safari, akasubiri katika mabenchi ya ofisi nyingi. Mwezi Februari majiko ya gesi yakafika, matatu, yanang'aa kama sahani za harusi, na wageni kutoka wilayani wakaalikwa kuyazindua.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, Mwalimu Nelson aliingia jikoni akiwa na karatasi mkononi.

"Mama, mafiga yamevunjwa, vizuri. Sasa hilo gogo nalo litoke. Wageni wakilikuta hapa watasema tunafuga ujima."

"Hilo si gogo, Mwalimu. Ni kinu."

"Basi kinu kikatwe kuni."

"Kuni za nini, nasi tumeacha kuni?"

Mwalimu alijikuna kidevu. "Basi kitupwe. Nisikione jikoni, mama. Nakuomba."

Felista alikuwa mtiifu, lakini utii wake ulikuwa na milango miwili. Alikitoa kinu jikoni kama alivyoagizwa. Akakipindua nje ya mlango, mdomo chini, akaweka juu yake ndoo ya kunawia mikono yenye koki. Michi yake mitatu akaichomeka darini, juu ya ghala. Siku ya uzinduzi wageni wote walinawa pale, na mmoja wao, akikung'uta maji vidoleni, akasifu kwamba stendi ile ni imara. Mwalimu Nelson akashukuru kwa niaba ya shule. Tangu hapo alipita karibu na kinu kile mara kumi kwa siku bila kukitambua, kwa sababu mtu hakitazami anachodhani kimekwisha.

Haki isemwe: Felista aliipenda gesi. Alizungusha kitufe, moto wa buluu ukaota kama ua, na macho yake yaliyokuwa mekundu kama pilipili yakaanza kurudi kuwa meupe. "Huyu aliyeleta hiki aende mbinguni na viatu vyake," alimwambia Bibie. Lakini alipoambiwa aitupe na ile michi, alisema itangoja kidogo.

"Inangoja nini?" Bibie alimuuliza, akicheka.

"Haijaniambia."

Aprili ikaja. Zamani wakulima wa Kyela waliisoma mvua kama barua ya ndugu: ilijulikana itaanza lini, itasema nini, itaaga vipi. Siku hizi mvua imekuwa kama mlevi. Hukosa kuja siku ya miadi, kisha hubisha hodi kwa mateke. Ilinyesha Jumapili kutwa, na Jumatatu asubuhi mwinuko ulikuwa umegeuka kisiwa. Mashamba ya mpunga yalikuwa maji, barabara ya kwenda Kyela mjini ilikuwa maji, na pale palipokuwa na daraja palionekana nguzo mbili zikiwa zimeshikana mikono na hewa. Nguzo za umeme zililala kifudifudi. Mwinuko ulikuwa na wakazi wake, pamoja na wanafunzi sitini na wanane wa kidato cha nne waliokuwa wamepiga kambi shuleni kujiandaa na mtihani wa utamilifu.

Siku tatu za kwanza hazikuwa mbaya. Mchele wa Jumamosi na unga uliokuwepo ulipikwa ukaisha. Majirani walileta mikungu ya ndizi, ikapikwa na maharage. Mwalimu Nelson alitumia chaji ya mwisho ya simu yake kupiga wilayani, akajibiwa kwamba boti ya injini ipo tayari bandarini Itungi, lakini ziwa limechafuka. Itatoka likitulia, huenda Jumatatu au Jumanne. Bibie, ambaye redio yake ilikuwa ya betri, alisikiliza habari za dunia mlangoni mwa mashine yake iliyonyamaza.

"Vita huko, mafuta yamepanda huko, meli zinazunguka mbali," alimwambia Felista. "Zamani nilikuwa najiuliza, yanamhusu nini mtu wa Mwaya? Sasa meli ikikwama bahari nisiyoijua, mtungi wangu unapanda bei hapa."

"Na huo wa bei ya juu nao huna."

"Sina, mwenzangu. Nimebaki na bei tupu."

Alhamisi saa sita mchana, mtungi wa mwisho wa gesi ulikohoa mara mbili chini ya sufuria ya ndizi, ukazimika. Zilikuwa ndizi za mwisho. Felista aliwapa wanafunzi zikiwa hazijaiva vizuri, kisha akatoka nje na kumwona kijana aitwaye Amon ameketi mlangoni mwa ghala. Mkononi alikuwa na punje za mpunga zilizodondoka kutoka kwenye gunia, anazimenya moja moja kwa meno kama panya. Nyuma yake magunia yalifika kwenye boriti. Ilikuwa njaa ya ajabu, njaa iliyoketi juu ya chakula.

Hapo ndipo Mwalimu Nelson alipowaita watu wazima barazani. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Nimezungumza na Andongwisye," alisema. Andongwisye alikuwa mvuvi aliyeishi mteremkoni, mwenye mitumbwi miwili. "Kesho alfajiri anaanza kuwavusha watoto. Sita sita. Ng'ambo kuna barabara kavu, wataenda kwa miguu hadi mjini."

Kila mmoja aligeuka kuutazama mto. Haukuwa mto tena. Ulikuwa shamba la maji ya rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake ukanda mmoja uliokimbia, ukibeba migomba mizima, mapaa na magogo.

Felista ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini. "Mwalimu, mimi nilikuwa na kaka. Sylvester. Alivuka maji ya namna hii kwenda kufuata chumvi. Chumvi, Mwalimu."

"Mama, unadhani napenda? Nimejaza fomu za hawa watoto mimi mwenyewe. Lakini siwezi kuwakalisha siku tano bila chakula. Wataanza kuvuka wenyewe, usiku, wakiogelea."

"Chakula kipo."

"Kipo kwenye maganda. Mashine haina umeme, jiko halina gesi. Utawapa wamenye kwa meno?"

"Kinu kipo."

"Kinu kipi?"

Felista alikwenda kwenye mlango wa jiko, akaiondoa ndoo, akakipindua kinu na kukisimamisha mdomo juu. Mchwa wachache walianguka. Mwalimu Nelson alikitazama, akaitazama ndoo, akakitazama tena kinu, na masikio yake yakawa mekundu.

"Wageni walinawa juu ya hicho."

"Wakakisifu."

Bibie alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mwalimu alivuta pumzi ndefu.

"Mama, kinu kimoja, watoto sitini na wanane. Hili si la mashindano. Nakupa hadi saa kumi na mbili jioni. Wakishiba, wanabaki. Wasiposhiba, alfajiri wanavuka."

Ilikuwa saa saba. Felista aliifunga kanga yake kiunoni mafundo mawili, akaingia kazini.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Aliita wasichana sita na wavulana sita, akamimina mpunga kinuni, akawaonyesha wawili wa kwanza jinsi ya kupokezana. Hawakujua. Walikuwa wamezaliwa mashine zikiwa zimeshafika. Michi iligongana hewani kama mbuzi wanaopigana. Amon alijaribu kujitoa mapema.

"Mama, mimi nimekuja kambini kusoma fizikia."

"Njoo uisome. Mchi ukipanda ni nguvu yako, ukishuka ni mvutano wa dunia. Usihangaike kuusukuma chini, dunia itakusaidia."

"Lakini kutwanga ni kazi ya wanawake."

"Na kula je?"

Wenzake waliangua kicheko, na Amon akashika mchi.

Hata hivyo, Felista alipochota mpunga wa kwanza na kuupepeta kwenye ungo, maganda hayakutoka. Punje zilikuwa zimepondeka na kushikana kama makombo yaliyokanyagwa. Unyevu wa siku nne ulikuwa umeingia ghalani. Mpunga mbichi hautwangiki. Huvunjika ukawa rojo. Ulihitaji jua, na jua lilikuwa limefungiwa nyuma ya mawingu. Au ulihitaji moto, na kila ukuni wa mwinuko ule ulikuwa unachuruzika maji.

Saa nane na nusu. Felista aliketi kwenye kizingiti, ungo mapajani. Aliwahesabu watoto uwanjani kwa macho, sita sita, kama ambavyo wangepandishwa mtumbwini.

Bibie akaketi kando yake. Binti yake mwenyewe, Sabrina, alikuwa miongoni mwa wale sitini na wanane. "Shoga," alisema, "laiti nisingeliuza lile dizeli. Nililiuza kwa kilo, kama samaki."

"Usijilaumu. Dizeli yenyewe ungeitoa wapi?"

"Ni kweli. Nimebaki na lile lundo la pumba tu, nalo afisa afya kila siku ananiambia niliondoe."

Felista aligeuza kichwa polepole. "Pumba."

"Nyuma ya mashine. Kama kichuguu."

"Bibie, maganda ya mpunga yanalowa?"

Bibie alifikiri. "Juu tu. Ndani hayaguswi na maji. Paka wangu huzalia humo."

Felista alikuwa amekwisha kusimama. Akiwa msichana alimwona mama yake, Kisa, akipikia pumba miaka ambayo kuni zilikuwa haba. Unachukua debe, unalitoboa tundu chini ubavuni. Unasimamisha chupa katikati na kuchomeka mti kwenye tundu hadi uiguse. Unashindilia pumba kuizunguka hadi juu, kisha unachomoa mti na chupa taratibu. Shimo linabaki kama koo. Ukiwasha kwa chini, moto hupanda kwenye koo hilo bila fujo, na debe moja hudumu saa nyingi. Ni ufukara uliopewa akili.

Walilichimba lundo kwa majembe. Ganda la juu lilikuwa limeoza na kunuka, lakini walipofika kina cha mkono, pumba zilitoka kavu, za dhahabu, vuguvugu kama mkate. Bibie alileta madebe manne matupu ya mafuta ya kupikia. Saa tisa na robo, debe la kwanza liliwaka. Felista alitandika bati safi juu yake, akamwaga mpunga na kuukoroga kwa mwiko, akisikiliza. Mpunga uliokauka huzungumza: huacha kunong'ona na kuanza kukwaruza.

"Sasa," alisema.

Safari hii maganda yalitoka. Alipepeta mara ya kwanza, akarudisha kinuni na kuwafundisha kupwaga, yaani kutwanga kwa mkono mwepesi ili punje itakate bila kuvunjika. Alipepeta tena, na kwenye ungo ukabaki mchele. Haukuwa mweupe kama wa mashine. Ulikuwa na wekundu kidogo, kama mtu aliyetoka kukimbia. Lakini harufu yake iliondoka pale ikavuka uwanja mzima, na wanafunzi waliokuwa wamelala chini ya dari ya darasa wakainuka mmoja mmoja.

Kinu kimoja hakikutosha, kama Mwalimu alivyosema. Kwa cha pili, ulipatikana ugomvi kabla ya kinu. Kilikuwa cha Bibi Tulinagwe, kikongwe wa nyumba ya mwisho, na ndani yake kuku alikuwa amelalia mayai kumi na moja.

"Mugonile, bibi," Felista alimsalimu kwa Kinyakyusa, akipiga goti.

"Ndaga. Usinipigie goti. Najua umefuata nini. Nasikia mlio tangu saa nane." Alimtazama kuku, naye kuku akamtazama. "Zimebaki siku nne aangue. Mkimhamisha atasusa."

"Hatasusa akipewa nyumba nzuri."

Basi kuku alihamishwa pamoja na nyasi zake hadi kwenye katoni iliyoleta majiko ya gesi, yenye picha ya moto wa buluu ubavuni. Alinung'unika kidogo, akajizungusha, akakaa. Bibi Tulinagwe akafuata kinu chake kwa fimbo na, bila kuombwa, akachukua uongozi wa kundi la pili. "Wewe mwenye miwani, unapiga kinu au unakibembeleza?" Kinu cha tatu kilitoka barazani kwa katekista, ambaye kwa miaka sita alikuwa amekikalia akisoma mahubiri.

Saa kumi na moja, vinu vitatu vilikuwa vikijibizana. Vijana walikuwa wameupata mwendo, watatu kwa kinu, mchi ukipanda mwingine ukishuka, na ardhi ya mwinuko ikidunda kama kifua. Waliochoka walipisha wengine bila kuambiwa. Sabrina alijifunza kupepeta, na ungo ulipomtii kwa mara ya kwanza, akageuka kumtafuta mama yake kwa macho. Hakuna kilichotupwa. Mchele mzima uliingia sufuriani, chenga zikawekwa kando kwa uji wa asubuhi, wishwa, ule unga wa ganda la ndani, ukapelekwa kwa kuku wa Bibi Tulinagwe kama kodi ya nyumba, na maganda mapya yakarudi kwenye madebe kuupikia mchele ulioyavua.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, Mwalimu Nelson alitoka ofisini. Hakuwa ameangalia saa; alikuwa amefuata harufu. Alikuta foleni ya sahani sitini na nane, na juu ya kila sahani wali wenye chumvi na mchuzi mwembamba wa dagaa aliotoa Andongwisye. Vijana walikula wameinama kama watu wanaosali. Amon alirudi na sahani yake mara ya pili, malengelenge viganjani, akimwonyesha kila mtu kama medali.

Felista alimpa Mwalimu sahani yake. Alikula amesimama, akamaliza, akalamba kidole gumba.

"Andongwisye," aliita. "Kesho hatuvuki."

Usingizi wa usiku ule ulikuwa wa watu walioshiba. Alfajiri, Andongwisye aliteremka kwenda kuitazama mitumbwi yake, iliyokuwa imefungwa kwenye nguzo tayari kwa safari. Alirudi anakimbia, miguu imejaa matope.

"Mwalimu, njoo uone."

Walishuka wote. Pale penye nguzo palikuwa na shimo lililojaa maji. Andongwisye alieleza kwamba alikuwa njiani wakati gogo lilipotokea kwenye ukanda wa mto, mti mzima na mizizi yake, mrefu kuliko darasa. Lilizungushwa na maji, likapiga kingo, likaondoka na nguzo, kamba na mitumbwi yote miwili. Alikuwa bado anauona mmoja, mbali, umepinduka, tumbo juu kama samaki mfu.

"Saa ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Sasa hivi. Saa kumi na mbili na dakika chache."

Ile ndiyo saa waliyopanga. Sita wa kwanza wangekuwa katikati.

Mwalimu Nelson alipanda mwinuko, akapita ofisini bila kuingia, akaenda moja kwa moja kwenye foleni ya uji wa chenga na kuanza kuwahesabu wanafunzi wake, akigusa kila mmoja begani. Sitini na wanane. Akarudia. Sitini na wanane. Aliporudia mara ya tatu wanafunzi walianza kutazamana, na Bibi Tulinagwe akasema, "Mwacheni. Anakula na yeye."

Kisha alikwenda jikoni. Felista alikuwa ameinama juu ya debe, anashindilia pumba.

"Mama, ndaga," alisema, akishukuru kwa Kinyakyusa.

"Shika hapa chupa isiyumbe," Felista alimjibu, kwa sababu alimwona anataka kulia na hakutaka aone aibu. Mwalimu alipiga magoti vumbini na suruali yake ya ofisini, akaishika chupa.

Boti ilifika Jumanne, ziwa lilipotulia, ikiwa na unga, maharage na mitungi ya gesi. Afisa aliyeshuka alikuja na orodha ndefu na uso wa kukuta wagonjwa. Alikuta vijana wanacheza mpira uwanjani, na wengine wakibishana ni kinu kipi kinatoa mchele mweupe zaidi. Alipewa sahani. Alikula, akauliza mchele ule ni wa duka gani, na hakuelewa kwa nini kila mtu alicheka.

Maji yalirudi kwao taratibu. Mashamba mengi yalikwenda na mpunga wake, na mwaka utakuwa mgumu. Hilo hakuna anayelificha. Lakini hakuna aliyezikwa, na katika Kyela ya miaka hii hiyo ni habari ya kushukuru. Bibie alifunga safari kwenda kulitafuta dizeli lake kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Alirudi mikono mitupu. "Limeshakuwa nondo," alisema. "Limo kwenye ghorofa ya mtu." Lundo la pumba alilijengea paa, na afisa afya alipokuja, alimkaribisha uji wa chenga kwanza. Kuku wa Bibi Tulinagwe aliangua vifaranga tisa ndani ya katoni ya gesi.

Felista alirudi kwenye moto wake wa buluu siku ileile mitungi iliposhuka botini, naye hakujificha kuufurahia. "Macho yangu hayajausahau moshi," alisema. "Sina ugomvi na gesi."

Mwalimu Nelson ndiye aliyekiingiza kinu ndani. Alikibeba mwenyewe, kifuani, akitembea kama mjamzito, akakisimamisha kando ya majiko matatu yanayong'aa, mdomo juu, michi yake mitatu ukutani, mahali ambapo mgeni yeyote atakayeingia atakiona kabla ya kitu kingine. Kisha akagundua kwamba ndoo ya kunawia haikuwa na pa kukaa. Alikwenda ofisini, akatoka na kiti chake mwenyewe cha kuzunguka, akakiweka mlangoni, na juu yake akatua ndoo.

"Utakalia nini, Mwalimu?" Felista aliuliza.

"Nitasimama kwanza, mama. Nimekaa sana."

Akafungua koki, akanawa, akaingia kula. Usiache mbachao kwa msala upitao.